Kufuli la Tovuti Lashuhudia Nini?



Ndugu zetu wasomaji, juma hili twataka kuzungumzia alama ndogo ambayo wengi wetu tumeizoea kuiona juu ya kioo cha simu bila ya kuitia maanani. Ni ile picha ya kufuli iliyokuwa ikikaa kando ya anwani ya tovuti, na ambayo katika baadhi ya simu siku hizi haionekani tena. Watu wamefundishwa kwamba penye kufuli pana usalama. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli, na ile nusu isiyosemwa ndiyo inayowapotezea watu mali zao.

Lililotusukuma kulileta suala hili ni barua ya bibi mmoja mwenye biashara ndogo ya leso na madera. Aliona tangazo la tovuti inayouza vitambaa kwa jumla, bei zikiwa nafuu. Kabla ya kulipa alimwita binti yake amtazamie, na yule binti, aliyesomeshwa kompyuta shuleni, akamwonyesha kufuli na kumwambia, "Mama, hii ni salama." Akatuma shilingi 18,500. Vitambaa havikuja, nambari ya simu ikazimwa, na baada ya siku chache tovuti yenyewe ikatoweka. Linalomuumiza zaidi, asema, ni maneno ya nyumbani: yeye aambiwa mjinga, na binti aambiwa elimu yake haina faida. Atuuliza: ikiwa kufuli lilikuwapo, je, lilisema uongo?

Jawabu ni kwamba kufuli halikusema uongo. Lilitoa ushahidi wa kweli, ila kwa jambo jengine lisilokuwa lile alilotaka kulijua bibi huyu. Shahidi aliyeitwa kusema kama bahasha ilifungwa sawasawa hawezi kutuambia kama aliyeiandika barua ni mtu mwaminifu. Kosa si la shahidi. Wala si la mama na binti, kwani wao walifuata wasia ambao kwa miaka mingi ulitolewa na mabenki, walimu na magazeti dunia nzima: tafuteni kufuli, kisha lipeni. Yatupasa basi tujue kufuli hushuhudia nini, na linanyamazia nini.

Mambo mawili tu

Mtu anapoandika neno la siri au nambari ya kadi ndani ya tovuti, maneno yale hayaruki moja kwa moja hadi kwa mwenye tovuti. Hupita mnara wa simu au Wi-Fi ya mkahawani, yakapita kwenye mitambo ya makampuni kadhaa, na aghalabu yakashuka katika nyaya za chini ya bahari, zikiwamo zile zilizofika Mombasa tangu mwaka 2009. Lau yangepita hivi hivi bila kufichwa, yeyote aliyekaa njiani angeweza kuyasoma, au hata kuyabadilisha, mfano wa barua isiyokuwa na bahasha.

Kwa hivyo wataalamu walibuni njia ya kuyafumba maneno hayo, yawe hayafahamiki ila kwa pande mbili zinazozungumza. Njia hiyo ndiyo tuionayo mwanzoni mwa anwani kwa herufi https, ambayo ile herufi s ya mwisho ndiyo dalili ya ulinzi. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kufuli hushuhudia: kwamba mazungumzo yamefumbwa.

Lakini kufumba peke yake hakutoshi. Itakufaa nini kunong'onezana na mtu gizani ikiwa humjui ni nani? Hapa ndipo kinapokuja cheti cha tovuti. Cheti husema kwamba anayeijibu simu yako ndiye mwenye mamlaka juu ya jina lile lililoandikwa kwenye anwani. Ukiandika jina la benki yako, cheti chakuhakikishia kwamba umefika penye jina hilo, wala hukupotoshwa njiani ukapelekwa kwengine. Hili ndilo jambo la pili.

Hakuna la tatu. Cheti cha kawaida hakisemi mwenye jina ni nani, anaishi wapi, ana duka au hana, wala kama atakuletea vitambaa vyako. Tapeli akisajili jina la tovuti leo asubuhi, jina lile ni lake kwa haki, na cheti kitasema kweli kikishuhudia kuwa ni lake. Mazungumzo yenu yatafumbwa barabara, na hakuna mwizi wa njiani atakayeyasikia. Mwizi atakuwa ni huyo unayezungumza naye.

Silsila ya vyeti

Wengine watauliza: na simu yangu yajuaje kwamba cheti hicho si cha kughushi? Waliosoma madrasa wataifahamu haraka hesabu yake, kwa maana ni silsila ya dhamana, huyu akimdhamini yule.

Ndani ya kila simu na kila kompyuta mna orodha ya taasisi za kutoa vyeti ambazo huaminiwa. Orodha hizo hutunzwa na wale wanaotengeneza mifumo ya simu na programu za kufungulia tovuti, ambazo huitwa vivinjari: Apple, Google, Microsoft na Mozilla. Taasisi kuu hutia muhuri wake juu ya cheti cha taasisi iliyo chini yake, na hiyo hutia muhuri juu ya cheti cha tovuti. Unapoifungua tovuti, kivinjari hukipokea cheti, hukitazama muhuri, kisha hupanda silsila ile ngazi kwa ngazi mpaka kifike kwa taasisi iliyomo katika orodha. Hutazama pia kama jina lililo kwenye cheti ni lile lile lililo kwenye anwani, na kama muda wa cheti haujamalizika. Yote haya hufanyika kwa kupepesa jicho. Yakitimia, ukurasa hufunguka. Yasipotimia, kivinjari hukusimamisha na kukupa onyo.

Na tovuti hupataje cheti? Zamani ilikuwa ni kwa fedha na kwa usumbufu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015, taasisi ya Marekani isiyotafuta faida, iitwayo Let's Encrypt, huvitoa bure kwa yeyote. Kompyuta ya taasisi humwambia mwombaji aweke alama fulani katika tovuti yake, kisha hurudi kuitazama. Ikiikuta alama, cheti hutolewa baada ya dakika chache. Hapana anayeulizwa kitambulisho wala leseni ya biashara.

Hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Kwa sababu yake, tovuti ya skuli ndogo, ya zahanati au ya mama auzaye mahamri imepata ulinzi ule ule wa mazungumzo uliokuwa wa mabenki peke yao. Kheri hiyo ni kubwa. Ila imekuja na natija ambayo wengi hawakuambiwa: kufuli limekuwa la kila mtu, mwema na mwovu. Mwezi wa Juni 2019 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilitoa tahadhari kwa umma kwamba matapeli wanazitumia tovuti zenye kufuli kwa makusudi, kwa kuwa wanajua watu wamefundishwa kuliamini.

Tangu ufunguo uliovunjika

Tuitazame na historia kidogo, kwa sababu yaonyesha jinsi waliotengeneza alama hizi walivyohangaika kutafuta namna ya kumwambia mtu wa kawaida ukweli bila ya kumdanganya.

Ufumbaji huu ulianzia katika kampuni ya Netscape ya Marekani, katikati ya miaka ya 1990. Mwanasayansi mkuu wa kampuni hiyo wakati huo alikuwa Taher Elgamal, mzaliwa wa Misri, ambaye kazi yake imemfanya atajwe kuwa baba wa ufumbaji wa tovuti. Kivinjari chao kilitumia picha ya ufunguo: ukiwa mzima, mazungumzo yamelindwa, ukiwa umevunjika, hayakulindwa. Baadaye ufunguo ukaachwa, na kufuli likashika mahali pake.

Haikuchukua muda watafiti wakaanza kuuliza kama watu huziona alama hizi. Mwaka 2006 watafiti watatu wa Marekani, Rachna Dhamija, J. D. Tygar na Marti Hearst, waliwaonyesha watu 22 tovuti za kweli na za bandia. Tovuti ya bandia iliyotengenezwa vizuri kupita zote iliwahadaa asilimia 90 ya watu hao, na asilimia 23 hawakutazama kabisa anwani wala alama yoyote ya kivinjari. Walitazama picha, rangi na uzuri wa ukurasa. Na hawa walikuwa wameambiwa mapema kwamba kazi yao ni kuzipambanua tovuti za kweli na za uongo.

Mwaka 2007 ikaletwa dawa mpya: cheti cha daraja la juu. Kampuni iliyokitaka ilipaswa kuthibitisha kwa nyaraka kwamba imesajiliwa kisheria, na malipo yalikuwa makubwa. Ikikipata, kivinjari huandika jina la kampuni kando ya anwani kwa rangi ya kijani. Watu wakaambiwa: tafuteni kijani.

Dawa hiyo nayo ikaonekana udhaifu wake. Desemba 2017 mtafiti wa usalama aitwaye Ian Carroll alisajili katika jimbo la Kentucky kampuni aliyoiita Stripe, Inc, jina sawasawa na la kampuni mashuhuri ya malipo iliyosajiliwa katika jimbo jengine. Sheria ya Marekani haikumzuia, kwa kuwa kila jimbo lina daftari lake. Akaomba cheti cha daraja la juu, akapewa. Gharama zake zote hazikufika dola 200. Katika kivinjari cha Safari cha wakati ule, jina hilo la kijani liliifunika anwani yenyewe, hata mtu asingeweza kutofautisha. Carroll hakumdhulumu mtu. Alitaka kuonyesha tu kwamba jina la kampuni si ushahidi wa kutosha, kwa maana majina hufanana.

Baada ya hapo alama ya kijani ikaondolewa, kivinjari baada ya kivinjari. Safari iliacha kulionyesha jina mwaka 2018. Chrome ikafuata Septemba 2019, na Firefox Oktoba mwaka huo huo. Watafiti wa Google walikuwa wamechunguza wakakuta kwamba jina lile likiondolewa, watumiaji hawabadilishi mwenendo wao. Alama ambayo kukosekana kwake hakushtui mtu haiwezi kumlinda mtu.

Kisha likaja kufuli lenyewe. Mwaka 2021 Google ilifanya uchunguzi ikakuta kwamba ni asilimia 11 tu ya walioulizwa waliofahamu barabara maana ya kufuli. Waliobaki walidhani lina maana nyengine, na wengi waliona ni dalili ya tovuti ya kuaminika. Septemba 2023 Chrome ikaliondoa, na mahali pake ikaweka picha ya mistari miwili yenye viduara, alama isiyodai uaminifu wa mtu yeyote. Ndiyo sababu katika simu nyingi leo hulioni tena.

Wakati huo huo mwelekeo wa onyo uligeuzwa. Zamani tovuti iliyolindwa ndiyo iliyotiwa alama ya sifa. Tangu Julai 2018, Chrome huitia alama ya aibu tovuti isiyolindwa, kwa maneno "Not secure", yaani si salama. Mantiki yake ni nyepesi. Ulinzi wa mazungumzo umekuwa ada, na ada haisifiwi. Hatumsifu mwenye duka kwa kuwa duka lake lina mlango. Twashangaa akiwa hana.

Onyo lisipuuzwe

Ikiwa kufuli halithibitishi wema wa mtu, mtu asije akadhani kwamba maonyo ya kivinjari nayo hayana maana. Hilo litakuwa kosa kubwa kuliko la kwanza. Kuwapo kwa cheti hakuthibitishi uaminifu. Lakini kuharibika kwake ni ishara ya hatari.

Kisa cha Iran chatutosha. Mwaka 2011 taasisi ya vyeti ya Uholanzi, iitwayo DigiNotar, ilivamiwa na wadukuzi. Wakajitolea kwa muhuri wake vyeti vya kughushi zaidi ya 500, kimoja chao kikiwa kwa jina la Google. Kwa cheti hicho waliweza kujiweka katikati ya raia wa Iran na barua zao za Gmail, na kuzisoma. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulizikuta anwani za mtandao zipatazo 300,000 zilizopitia mtego huo, takriban zote kutoka Iran. Jambo lilifichuka pale mtumiaji mmoja wa nchi hiyo alipoletewa onyo na kivinjari chake cha Chrome, ambacho Google ilikuwa imekifundisha vyeti halali vya tovuti zake ni vipi. Hakulibonyeza onyo likapita, aliuliza. Kwa swali lake dunia ikajua. Vivinjari vyote vikubwa vikaifuta DigiNotar katika orodha ya wanaoaminiwa, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo ikafilisika.

Baada ya msiba huo yaliletwa madaftari ya wazi ambamo kila cheti kinachotolewa huandikwa, ili mwenye jina aweze kuona kama kuna mtu amepewa cheti kwa jina lake bila ya idhini yake. Tangu mwaka 2018 Chrome hukataa cheti kipya kisichoandikwa katika madaftari hayo. Kama vile ndoa hutangazwa isiwe ya siri, na cheti nacho hutangazwa.

Basi ukiletewa onyo linalofunika kioo kizima, likisema mazungumzo yako si ya faragha, usitafute kitufe cha kulipita. Kwanza, tazama tarehe na saa ya simu yako. Simu ambayo betri yake iliisha ikarudi na tarehe ya miaka ya nyuma huona vyeti vyote ni batili, na dawa yake ni kurekebisha saa. Pili, ikiwa uko kwenye Wi-Fi ya hoteli, ya mkahawa au ya uwanja wa ndege, iondoe, utumie bando lako mwenyewe, ujaribu tena. Onyo likiondoka, ujue tatizo lilikuwa njiani. Tatu, ikiwa simu ni kuukuu na haipati tena masasisho, huenda orodha yake ya taasisi imechakaa. Simu ya namna hiyo haifai kwa mambo ya benki. Nne, ikiwa onyo labaki, ondoka. Usiandike neno la siri wala nambari ya kadi. Wapigie wenye tovuti kwa nambari unayoijua ya zamani, uwaarifu.

Kuisoma anwani

Ikiwa kufuli limestaafu, nani ashike kazi yake? Ni anwani yenyewe, kwa sababu cheti hushuhudia jina, na jina ndilo tulipaswa kulisoma tangu mwanzo.

Anwani husomwa hivi. Uache https na mistari yake miwili ya mshazari, kisha uende mpaka utakapokutana na mstari wa mshazari mmoja. Kama haupo, nenda mpaka mwisho. Ukifika hapo, geuka usome ukirudi nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto. Wasomaji wetu waliozoea kusoma Kiarabu hawatalemewa na hilo. Vipande vya mwisho ndivyo vyenye kumtaja mwenye nyumba. Vilivyo kushoto ni majina ya vyumba tu, na mwenye nyumba aweza kukiita chumba chake jina lolote alitakalo.

Chukua ecitizen.go.ke. Ukirudi nyuma wakutana na ke, kisha go, kisha ecitizen. Mwisho wa go.ke hupewa idara za serikali ya Kenya peke yake, kwa hivyo hapo umefika serikalini. Sasa chukua mfano wa kubuni: ecitizen.go.ke.jinafulani.com. Jicho lililo na haraka huliona neno ecitizen na neno go.ke likatulia. Lakini soma ukirudi nyuma: com, kisha jinafulani. Mwenye nyumba ni jinafulani, na yote yaliyotangulia ni pambo. Tovuti hii nayo itakuwa na cheti halali, na kivinjari hakitatoa onyo lolote.

Kuna na hadaa ya herufi. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alionyesha kwamba jina lililoandikwa kwa herufi za Kisirili, zinazotumiwa katika Kirusi, laweza kufanana na apple.com hata jicho lisitambue, na baadhi ya vivinjari vya wakati ule vililionyesha hivyo hivyo. Vivinjari vimejirekebisha kwa kiasi kikubwa, lakini hadaa nyepesi zabakia: sifuri badala ya herufi o, herufi moja kuongezwa, au kistari kutiwa katikati. Kwa hivyo wasia ulio bora ni kutoingia benki, eCitizen wala tovuti ya skuli kwa kubonyeza kiungo ulicholetewa na ujumbe wa simu au wa WhatsApp. Liandike jina kwa mkono wako mara moja, ulihifadhi katika simu, na uingilie hapo siku zote.

Pale jina halitoshi

Kuisoma anwani kwafaa kwa wale tunaowajua majina. Ama muuzaji mgeni, ambaye hata jina lake sahihi hatulijui, anwani haitatusaidia, wala hakuna alama ya kivinjari itakayotusaidia. Hapo twarudi katika njia za kale za kumjua mtu.

Tuulize ni nani tunayemjua aliyewahi kununua kwake, akapokea mali yake. Sifa zilizoandikwa ndani ya tovuti yake mwenyewe hazihesabiwi, kwani mtu hajishuhudii. Tutake kulipa mzigo ukifika. Akikataa, tuagize kitu kidogo kwanza, chenye thamani ambayo tukiipoteza hatutalala njaa. Akisema ana kampuni iliyosajiliwa Kenya, tumtake jina lake kamili, kisha twaweza kutafuta habari zake katika Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Na bei iliyo chini mno kuliko ya soko zima tuitazame kwa shaka, tujiulize yeye huipata wapi faida.

Katika malipo ya M-Pesa yapo mambo mawili ya kushikwa. La kwanza, nambari ya siri haiandikwi ndani ya tovuti yoyote, hata ikiwa na vyeti mia. Malipo ya halali huleta ombi juu ya simu yako, na hapo ndipo nambari huandikwa. La pili, ombi hilo hutaja jina la atakayelipwa. Lisomwe kabla ya kukubali. Tovuti ikijiita duka la vitambaa na jina likaja la mtu asiyejulikana, hapo ndipo mahali pa kusimama, kwa sababu baada ya hapo ni kukimbilia kuwapigia watoa huduma na kuomba fedha zizuiliwe, nao huenda wakakuta zimekwishatolewa.

Na aliyekwisha kudhulumiwa asinyamaze kwa haya. Kuwahadaa watu kwa tovuti za bandia ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta na ya mtandao. Apige ripoti polisi, achukue nambari ya ripoti hiyo, na aihifadhi anwani ya tovuti pamoja na ujumbe wa malipo. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya nayo ina kituo cha kitaifa, kiitwacho KE-CIRT, kinachopokea habari za uhalifu wa mtandao. Tovuti iliyoripotiwa mapema yaweza kuingizwa katika orodha ambazo vivinjari huzitumia kutoa onyo jekundu, na mama mwengine akanusurika.

Twamaliza kwa neno kwa wenye majumba. Mtoto aliyeulizwa na mamake akajibu kwa alichofundishwa hastahiki kukemewa. Akikemewa, safari ijayo hataulizwa, au ataulizwa asijibu, na matapeli hawana rafiki mkubwa kuliko nyumba ambayo watu wake huona haya kuulizana. Afadhali nyumba ikae na ada moja: fedha yoyote inayozidi kiasi mlichokubaliana isitumwe kwa mgeni mpaka watu wawili waisome anwani kwa sauti, kutoka kulia kwenda kushoto, na mmoja wao aseme jina la mwenye nyumba ni nani. Dakika mbili zatosha, na wazee kwa vijana waweza kushirikiana katika hilo bila ya mmoja kumdharau mwengine.